Kinywaji cha barafu cha rangi tatu: kikikuharibikia, anza kukagua hapa

Mwezi wa tisa ukifika, ile baridi ya mwezi wa sita inayotulaza na blanketi mbili hapa Lubumbashi inakuwa imesahaulika. Jua linachoma, vumbi jekundu liko hewani, mvua bado haijaingia, na kila mwisho wa juma kuna harusi, komunyo au siku ya kuzaliwa. Watu wanataka kitu cha baridi, na siku hizi wanataka rangi zilizopangana ndani ya glasi: njano chini, nyeupe katikati, nyekundu juu. Nimekiandaa kinywaji hiki katika mitaa ya Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, na kila msimu naletewa malalamiko yaleyale. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi. Ikague hiyo kabla ya kuruka kwenda nyingine, maana wengi wanaomwita fundi wa frigo walikuwa wamekosea sukari tu.

Ili tuelewane, ninaanzia hapa. Chini: juisi nzito ya embe, gramu 150 za sukari kwa lita. Katikati: tui la nazi, gramu 150 kwa lita. Juu: bissap, yaani maua makavu mekundu yaliyochemshwa na kuchujwa, gramu 120 kwa lita. Embe na nazi zimetiwa sukari sawasawa, lakini embe lililoiva lina sukari yake yenyewe, kiasi cha gramu 13 hadi 15 katika kila gramu 100, kwa hiyo tabaka la njano ndilo lenye sukari nyingi kuliko yote. Kama huna mizani, kijiko cha mezani kilichosawazishwa kwa kisu kinabeba kama gramu 12 za sukari. Kila rangi inagandishwa peke yake usiku kucha, ndani ya sachet (mfuko wa plastiki) iliyolazwa bapa, unene usiozidi sentimita 2. Asubuhi unaiponda, unajaza.

Kinachoshika matabaka ni sukari na baridi. Sukari inaamua nani mzito akae chini, baridi inamzuia kila mmoja asihame mahali pake. Karibu kila dalili hapa chini inaturudisha kwa mmoja wa hao wawili.

"Yaya, rangi yote ilikuwa moya!"

Hili ndilo lalamiko kubwa. Glasi ilitoka jikoni ikiwa nzuri, au hata haikutoka vizuri, na mezani imekuwa uji wa rangi ya chungwa.

Kwanza angalia haraka. Tabaka la pili liliwekwa kabla la kwanza halijakaza. Gusa uso wa tabaka kwa mgongo wa kijiko: kijiko kikitoka na maji, bado. Kikitoka kikavu, au kikiwa kimeshika chembe za barafu tu, endelea. Glasi tupu nazo ziingie ndani ya friza, au konjelatere kama tunavyosema, nusu saa kabla ya kazi. Glasi iliyokuwa kabatini mwezi wa kumi ina joto, na joto hilo linayeyusha ukingo wa kila tabaka. Maji ya ukingo huo yanateremka pembeni, na hapo ndipo michirizi inapoanzia. Kisha kila tabaka lipewe nusu saa nyingine ndani ya friza kabla ya kuwekewa la juu yake. Najua ni muda mrefu unapokuwa na glasi 100 na friza moja. Basi fanya glasi 25 kwa awamu, usizijaze zote kwa mpigo mmoja.

Pili, sukari imegeuzwa. Rangi ya juu ina sukari nyingi kuliko ya chini yake, na barafu ikianza tu kulegea, ile nzito inazama. Kuna jaribio ambalo sasa silikosi hata siku moja. Kabla ya kugandisha chochote, weka juisi ya tabaka la chini ndani ya glasi nyembamba. Chota tone la juisi ya tabaka la juu kwa mrija, lidondoshe taratibu kutoka karibu kabisa na uso. Tone likitambaa juu, mpangilio ni sahihi. Likizama kama uzi kuelekea chini, umegeuza. Fanya hivyo kwa kila jozi ya majirani, na juisi zote ziwe na baridi sawa, kwa sababu juisi ya moto ni nyepesi na itakudanganya.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtoto, mwenye nyumba alionja bissap asubuhi akasema ni kali, nami nikaiongeza sukari bila kugusa nyeupe. Keki ilipokatwa, wekundu ulikuwa umeteremka ndani ya nazi katika glasi zote 60. Ladha ilikuwa nzuri na watoto walikunywa, lakini mama yule alikuwa amelipia rangi tatu.

Dawa yake: mwongezee sukari aliye chini. Usimwongezee maji aliye juu, utabaki na barafu isiyo na ladha. Na usimwage sukari kavu ndani ya juisi baridi, itatulia chini ya ndoo ikakuhesabia uongo. Pika siro: kilo 1 ya sukari kwa nusu lita ya maji, moto mdogo hadi chembe ziishe, ipoe kabisa, ndipo uiongeze kijiko kwa kijiko huku ukirudia jaribio la tone.

Tatu, unamimina kutoka juu. Barafu iliyopondwa inayoanguka kwa kishindo inachimba shimo katika tabaka la chini. Egemeza kijiko kwenye ukuta wa ndani wa glasi, mgongo wake ukiangalia juu, uiteremshe barafu juu yake.

Nne, barabara. Kinywaji kilichopangwa Kamalondo hakifiki Ruashi kikiwa kimepangwa, si kwa teksi ninazozijua mimi. Beba rangi zikiwa zimegandishwa ndani ya sachet zake, katika glasiere (sanduku la kutunza baridi) iliyojaa, upange matabaka palepale kwenye sherehe.

Ukikagua yote manne na bado rangi zinatembea, punguza rangi ya kolorant. Rangi ya chupa huhamia kwa jirani hata pale barafu inaposimama vizuri, na matone mawili kwa lita yanatosha. Nunua ile iliyoandikwa kwamba ni ya chakula tu. Rangi ya kutia mikeka au nguo, hata kama muuzaji wa sokoni anaapa kwamba dada yake anaitumia, isiingie kinywani mwa mtu.

Haigandi. Usiku kucha, na asubuhi bado ni juisi

Hapa kuna swali moja la kujibu kabla ya mengine: kosa ni la juisi au la friza? Weka gobele (kikombe) ya maji matupu kando ya sachet zako jioni. Asubuhi, maji yakiwa jiwe na juisi ikiwa laini, kosa ni la juisi. Maji nayo yakiwa maji, kosa ni la friza au la umeme. Gobele hiyo ingewaokoa watu wengi na gharama ya fundi.

Kama kosa ni la juisi, basi ni sukari kupita kiasi, au pombe. Sukari inazuia maji kuganda. Juisi yenye sukari gramu 250 katika kila kilo, ukihesabu na ile ya tunda lenyewe, inaganda laini ya kuchoteka. Ukifika 350 na kuendelea, friza ya nyumbani inakupa uji. Iongeze juisi isiyo na sukari, usiongeze maji. Pombe ni mbaya zaidi: kinywaji kikali chenye kilevi cha asilimia 40 hakigandi hadi baridi ifike karibu nyuzi 27 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani inafika 18 tu. Kwa hiyo kama watu wazima wanataka kilevi, kigandishe kinywaji kitupu, kisha mwenye kutaka aongezewe kijiko kimoja au viwili juu wakati wa kupeleka mezani. Glasi hizo ziwe za umbo tofauti kabisa na za watoto, maana kwa macho na kwa harufu ya embe mtoto hawezi kutofautisha.

Na hapa nasema bila kupunguza neno: usitie lutuku. Pombe hiyo ya kukenekwa nyumbani inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu, na utamu pamoja na baridi vinaficha ukali wake hadi mtu anywe nyingi. Mtu akilalamika kwamba haoni vizuri, kichwa kinapasuka, anapumua kwa shida au amelala haamki vizuri, sherehe imekwisha. Mpelekeni hospitali papo hapo, msingoje pombe imtoke.

Kama kosa ni la friza, nenda kwa utaratibu huu. Juisi iliingia ikiwa ya moto? Basi imeipasha friza nzima na vilivyomo. Ipoze kwanza ndani ya beseni la maji. Umeijaza hadi mlango haufungi? Baridi inahitaji njia ya kupita. Mpira wa mlango umechoka? Funga mlango juu ya karatasi, uivute: ikitoka bila kushikwa, baridi yako yote inalala jikoni. Safisha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kufikiria kununua mwingine, mara nyingi ni siro iliyokauka tu. Barafu ukutani imezidi unene wa kidole? Zima, fungua, acha iyeyuke yenyewe.

Usiitoe barafu hiyo kwa kisu. Nairudia kwa sababu nimeona friza nzima zikifa hivyo. Mabomba ya gesi yanapita nyuma ya ukuta ule mwembamba, na friza nyingi za miaka hii zina gesi ya R600a, ambayo inawaka. Ukisikia mlio wa kupuliza baada ya kuchokoa, usiguse swichi wala kuwasha kibiriti, toa mbabula (jiko la makaa) nje kama iko karibu, fungua madirisha na milango, watu watoke, umwite fundi wa frigo. Tundu hilo halizibwi kwa gundi.

Halafu kuna umeme wenyewe. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ya kampuni ya umeme SNEL haiulizi kama una komunyo kesho. Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, inashika baridi yake karibu saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Kwa hiyo ukipungukiwa na vitu vya kujaza, jaza chupa za maji za plastiki, ukiacha nafasi juu kwa sababu maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9. Umeme ukirudi, acha friza nje ya prizi dakika 5 kabla ya kuichomeka. Kompresa inayolazimishwa kuanza mara moja, tena wakati umeme unapanda na kushuka, huungua. Ikiwa inajaribu kuanza, inatoa mlio mfupi na kuzima, na inarudia hivyo kila baada ya dakika chache, itoe kwenye prizi. Kama baada ya umeme kutulia bado inafanya hivyo, hiyo si kazi yako tena, ni ya frigoriste. Vivyo hivyo ukishika mwili wa friza na kusikia umeme ukikuchapa hata kidogo: zima kwenye disjonkta (swichi kuu ya umeme), usiuguse tena hadi fundi aje.

Na kama hakuna umeme kabisa? Barafu na chumvi. Nunua vipande vya barafu, vivunje, uchanganye sehemu 3 za barafu na sehemu 1 ya chumvi ya kupikia kwa uzito, ndani ya beseni. Mchanganyiko huo unashuka hata kufikia nyuzi 20 chini ya sifuri, baridi kuliko friza yako. Zamisha ndani yake sufuria ya chuma yenye juisi, uikoroge na kukwangua kuta kila dakika chache. Ndani ya nusu saa hivi una barafu laini kuliko ile ya usiku kucha. Angalia mambo mawili: maji ya chumvi yasiruke ndani ya juisi, na mikono isikae mle bila kitambaa, inaungua kwa baridi kama inavyoungua kwa moto. Ukiwasha jenereta badala yake, ikae nje mbali na dirisha. Moshi wake una gesi inayoua watu waliolala, na gesi hiyo haina harufu ya kuwaamsha.

Imekuwa jiwe, kijiko kinapinda

Sukari ni chache, au umeisahau tu. Tabaka la juu ndilo linalosumbua hapa, kwa sababu tumelipa sukari kidogo makusudi ili liwe jepesi. Sukari ileile inayompa aliye chini uzito inampa na ulaini, na anayekaa juu anakosa vyote viwili. Usimwongezee sukari ukaharibu mpangilio. Mkwangue. Toa sachet dakika 10, iponde juu ya ubao kwa mti wa kupondea ukiwa umeifunga ndani ya kitambaa safi, kisha kwangua kwa uma. Au anza mapema zaidi: mimina bissap ndani ya sahani pana, na kila baada ya dakika 40 ivuruge kwa uma inapoanza kushika kingo. Baada ya mara nne au tano utapata barafu ya chembechembe isiyohitaji nguvu.

Mrija unavuta rangi, barafu nyeupe inabaki ndani ya glasi

Watoto ndio wanaoleta lalamiko hili, na wana haki. Wamenyonya utamu wote, wamebaki na barafu ya maji. Sababu ya kawaida ni kwamba mtu aliponda barafu tupu akaimwagia siro. Siro haikuganda ndani ya barafu, imelala nje yake tu. Gandisha juisi yenyewe. Kama ulifanya hivyo na bado inatokea, ni kwamba juisi iliganda polepole, chembe zikakua kubwa, na utamu ukasukumwa pembeni. Sachet zilikuwa nene mno. Rudi kwenye sentimita 2, na uzilaze zikigusana na ukuta wa friza badala ya kuzirundika.

Nyekundu imegeuka zambarau, au rangi ya majivu

Maji ndiyo ya kwanza kushukiwa. Wekundu wa bissap unaishi kwenye ukali wa tindikali. Maji yenye chokaa nyingi, kama ya visima virefu vingi, yanaupunguza ukali huo, na rangi inaelekea zambarau na baadaye bluu chafu. Kamua ndimu: kijiko kimoja cha mezani kwa lita, utaona wekundu ukirudi mbele ya macho yako. Usiporudi, angalia kama kuna mtu aliyetia bikaboneti akitaka kupunguza ukali. Angalia pia sufuria. Bissap ikilala usiku ndani ya aluminiamu au shaba inakula chuma, inageuka rangi na ladha. Shaba tunaijua sisi wa Katanga, ni mali ya nchi, lakini haifai kulala na kitu kikali tunachokwenda kunywa. Bissap ya namna hiyo imwagwe. Chemsha katika sufuria ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) au ya enameli isiyobanduka.

Betravu (bitiruti) ni hadithi nyingine: moto mrefu unaufanya wekundu wake kuwa kahawia. Isage mbichi baada ya kuiosha sana na kuimenya, uchuje, uitumie kidogo.

Nyeupe imekatika, au imekuwa chungu

Kama badala ya nazi ulitumia maziwa na jirani yake ni marakuja (pasheni), ndimu au bissap, tindikali imeyakata. Hayadhuru yakiwa mabichi ya siku hiyo, yanachukiza macho tu. Tumia nazi, au maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Hayo yakikutana na tindikali yanakuwa mazito zaidi na hayaachani. Ila yana sukari nyingi sana, kwa hiyo rudia jaribio la tone.

Uchungu unatoka kwa nanasi. Nanasi bichi, yaani lisilopikwa, lina kimeng'enya kinachokula protini ya maziwa, na baada ya saa chache maziwa yaliyokutana nalo yana uchungu ambao sukari haiufuniki. Papai bichi linaweza kufanya vilevile. Kuganda hakukiui kimeng'enya hicho, moto ndio unakiua. Chemsha juisi ya nanasi dakika 5, ipoze, endelea. Ukionja uchungu tayari, hakuna dawa, anza upya tabaka hilo.

Wengine wameniuliza kuhusu munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, kama tabaka la katikati. Naupenda sana, na rangi yake ya maziwa ni nzuri mezani, lakini ukiganda unaachana, maji upande mmoja na unga mwingine. Ukoroge tena unapoanza kulegea, uupange dakika ya mwisho. Na utumie ule wa siku hiyohiyo tu, maana unaendelea kuchacha hadi kuwa na kilevi, na watoto watakunywa.

Inayeyuka kabla hotuba hazijaisha

Hotuba za harusi zetu ni ndefu, hilo halitabadilika. Usipange glasi hadi msema sherehe amekupa ishara. Glasi za plastiki nyembamba zinayeyusha haraka kuliko za kioo nene zilizopozwa. Sinia liwekwe kivulini, si juu ya meza chini ya hema jeupe saa nane mchana. Mengine yanatoka kwa sukari nyingi kupita kiasi, na hilo tumekwisha kulisema.

Kilichoyeyuka kabisa kikiwa na maziwa au nazi na kikakaa nje zaidi ya saa 2 hakirudishwi friza. Najua bei ya nazi huku kwetu, mbali na bahari. Hata hivyo kimwage.

Mikseri inanguruma, haizunguki

Izime kwanza, ndipo ufikiri. Kuiacha ikinguruma ndiko kunakoiunguza. Mara nyingi ni kipande kikubwa cha barafu kilichobana visu. Itoe kwenye prizi, si kuzima tu kwa kitufe, ukichokonoe kwa kijiko cha mti. Barafu ivunjwe vipande vidogo kabla, juisi kidogo itangulie chini, barafu ifuate, na usage kwa kukatakata, sekunde 30 kisha kupumzika.

Kama hakuna kilichobana, angalia taa ya chumba. Ikiwa imefifia, umeme ni mdogo, hasa saa za jioni mtaa wote unapopika. Ngoja, au ponda kwa mkono. Ikizima ghafla yenyewe na ina joto, huenda kinga yake ya joto imekata. Iache ipoe nusu saa. Ukinusa kuungua, ukiona moshi au cheche, au juisi imevuja ndani ya kitako chenye mota, usijaribu tena hata mara moja. Itoe kwenye prizi kwa mkono mkavu, mpelekee fundi. Na jagi lililopasuka ukingoni halifai tena, hata likiwa halivuji, kwa sababu kipande cha kioo ndani ya barafu hakionekani.

Tumbo, baada ya sherehe

Hii si dalili ya kinywaji, ni dalili ya mtu, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Kipindupindu kinarudi mkoani kwetu Haut-Katanga mara kwa mara, na watu wengi bado wanaamini kwamba baridi inaua vijidudu. Haiui. Inavilaza tu, vinaamka ndani ya tumbo la mtoto.

Sababu ya kwanza ni barafu ya kununua, iliyogandishwa kwa maji usiyoyajua. Iwe ya kuzungushia nje ya sufuria tu, isiingie ndani ya glasi. Ya pili ni maji yaliyochanganywa na juisi baada ya kuchemsha bissap, "kidogo tu ya kuongeza". Maji yote, ya bomba la Regideso (kampuni ya maji) au ya kisima, yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama makaa yameisha, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ungoje nusu saa, kabla ya kuyachanganya na juisi. Klorini ikitiwa ndani ya juisi haifanyi kazi yake. Ya tatu ni mikono na ubao wa kukatia, hasa kama palikatwa samaki au kuku. Ya nne ni maziwa yaliyokaa nje. Hayo huwatapisha watu ndani ya saa chache, wengi kwa pamoja.

Mtu mmoja akiharisha kidogo na akaacha, mpe maji na umwangalie. Lakini akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, akatapika bila kukoma, macho yakaingia ndani, au mtoto akakosa mkojo na kulia bila machozi, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Njiani mpe kidogokidogo maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Wapigie simu waliokunywa naye. Usimwage kilichobaki kwa aibu: kifunge ndani ya chupa, uandike saa kilipoandaliwa na maji yalitoka wapi, uwape wauguzi.